Tuzo ya kura, ya ukaguzi, ya daftari au ya wenzao: ipi iwafae wahudumu wa boti na matatu, Lamu na Malindi

Lamu kuna mashindano mawili ya punda, na yeyote anayetaka kuanzisha tuzo ya usafiri ayatazame yote mawili kabla hajaandika kanuni hata moja. La kwanza ni mbio za punda za wakati wa Maulidi, ambapo mshindi ni aliyefika mbele. La pili ni tuzo ya punda waliotunzwa vizuri, inayoandaliwa na Donkey Sanctuary, shirika lenye zahanati ya punda mjini humo tangu 1987. Huko hakimbizwi mtu wala mnyama. Kinachotazamwa ni afya na matunzo. Anayewania la kwanza humzoeza punda kukimbia. Anayewania la pili humpunguzia mzigo na kumpeleka kutibiwa kidonda kabla hakijaoza. Punda ni yule yule na mji ni ule ule, lakini tuzo ndiyo iliyoamua atafanyiwa nini mwaka mzima kabla ya siku ya sherehe.

Ndivyo ilivyo kwa boti za Lamu ziendazo Mokowe, upande wa bara, na Shela, kwa matatu za Malindi na Mombasa, na kwa tuktuk za mjini. Tuzo ya "dereva mwenye safari nyingi zaidi" ni tuzo ya mwendo wa kasi, hata cheti kikiandikwa huduma bora. Tuzo ya "boti iliyovusha abiria wengi zaidi" ni tuzo ya kujaza kupita kiasi. Hizo mbili zisianzishwe kabisa. Zinazobaki kulinganishwa ni njia nne za kumpata anayestahili: abiria wapige kura, wakaguzi wapande kwa siri, daftari za kazi zisomwe, au wahudumu wenyewe wamtaje mwenzao. Kila moja huona jambo lisiloonekana na nyingine, na kila moja ina namna yake ya kuchezewa.

Karatasi kwanza

Kutimiza sheria kusihesabiwe alama. Bima iliyo hai, cheti cha ukaguzi, leseni ya dereva au ya nahodha, usajili wa chombo: hizo ni za kumruhusu mtu aingie mlangoni tu. Matatu husimamiwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, boti na Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA). Kanuni za matatu zinazoitwa za Michuki, kwa jina la waziri aliyezileta, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilikwishadai kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda ya viti, mstari wa manjano ubavuni, sare ya bluu iliyoiva kwa dereva na ya rangi ya damu ya mzee kwa kondakta. Kumpa mtu alama kumi kwa kuvaa sare ni kumtunza kwa kulipa deni.

Angalieni tarehe. Bima ya matatu mara nyingi hulipwa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo nakala iliyoletwa siku ya kujiandikisha haithibitishi chochote wiki sita baadaye. Karatasi zisomwe mara tatu: mwanzoni, katikati ya kipindi, na siku mbili kabla ya kutangaza. Kamati inayokagua mara moja tu ndiyo inayojikuta imempa kikombe mtu asiye na bima.

Kura za abiria

Abiria anajua mambo ambayo mkaguzi hayapati kirahisi: chenji ilirudishwa kabla ya kushuka au ilidaiwa mpaka Kilifi, nauli ilipandishwa njiani, mzee alishikwa mkono, mwanafunzi mwenye sare alipandishwa au aliachwa stejini kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Asichokijua ni hali ya breki, petroli iliyobaki, wala ubao uliooza chini ya miguu yake. Kwa hiyo kura inafaa kupima adabu na huduma, haifai kupima usalama. Abiria wengi watampenda dereva anayewahisha, na watampigia kura kwa jambo lile lile litakalowaua siku moja.

Kura ya ujumbe wa simu ndiyo rahisi kuibiwa. Kijana mmoja mwenye laini kadhaa anatosha kuharibu mchezo mzima, na mwenye gari mwenye fedha hununua ushindi. Kadi ya karatasi ni bora. Ichapishwe ikiwa na namba yake, igawiwe na mtu wa kamati gatini au stejini baada ya safari, si na kondakta, na itumbukizwe kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti. Maswali yasizidi manne. Kadi yenye maswali kumi hujazwa kwa haraka na majibu yake yote hufanana.

Kosa kubwa liko kwenye hesabu. Tuktuk iliyopata kadi 5, zote alama 5, ina wastani wa 5. Nyingine yenye kadi 60 na wastani wa 4.6 inaonekana imeshindwa, na ya kwanza huenda ilipandwa na ndugu watano. Dawa yake ni nyepesi: kila mshiriki aongezewe kadi 10 za kufikirika zenye wastani wa kundi zima. Wastani wa wote ukiwa 3.5, ya kwanza inakuwa 25 na 35 kugawanya kwa 15, yaani 4.0. Ya pili inakuwa 276 na 35 kugawanya kwa 70, yaani 4.44. Sasa mwenye ushahidi mwingi yuko mbele, na hakuna aliyepunjwa. Juu ya hapo, asiyefikisha kadi 30 asitajwe kabisa.

Abiria wa siri

Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote kwa boti, na ndiyo yenye gharama kuliko zote. Mkaguzi anapanda kama abiria, analipa nauli, anashuka, ndipo anapojaza kadi. Kadi iwe ya ndiyo au hapana. Ukimwambia mtu atoe alama moja hadi kumi, mmoja atampa saba chombo kile kile ambacho mwenzake angekipa tisa, na mshindi atakuwa aliyebahatika kupata mkaguzi mpole.

Kwa boti, mambo yafuatayo yanatosha:

- Jaketi za kuokolea maisha ni sawa na idadi ya watu wote waliomo, mabaharia wakiwemo, na zinafikiwa kwa mkono. Zilizofungiwa sandukuni au kulaliwa na magunia hazihesabiwi. Kila mkanda uvutwe: jaketi ambalo kishikizo chake kimekatika si jaketi. Mtoto awe na la kipimo chake, maana la mtu mzima humtoka kichwani akiwa majini.
- Watu hawazidi idadi iliyoandikwa kwenye leseni ya chombo.
- Nahodha amejifunga kamba ya kuzima mashine. Akianguka majini bila kamba hiyo, boti huendelea kwa kasi na huweza kuzunguka na kumrudia yeye mwenyewe kwa rafadha.
- Petroli imegawanywa kwa thuluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, mawimbi ya mbele hunywa mafuta kuliko hesabu ya siku ya shwari, na hapo ndipo akiba inapohitajika.
- Upo au ndoo ya kutolea maji botini iko karibu, na maji ya chini ya sakafu hayafiki kwenye miguu ya abiria.
- Mtungi wa kuzimia moto upo, na sindano yake imesimama kwenye kijani.
- Maji yakipwa, ngazi za chini za gati huwa na utelezi wa mwani. Baharia ashuke asimame pale na kumshika mkono kila anayepanda, asisubiri kuombwa.

Nne za mwanzo ni za kutoa mtu mashindanoni. "Hapana" moja kati ya hizo, safari moja tu, na jina linafutwa mwaka huo. Zilizobaki zijumlishwe kama alama. Kamati nyingi hujumlisha zote pamoja, na matokeo yake boti yenye adabu nzuri, mito misafi na muziki wa taratibu humshinda mwenzake ilhali jaketi zake ni nusu ya abiria.

Ugumu wa Lamu ni kwamba watu wanajuana. Mkaguzi wa siri atakuwa si wa siri tena baada ya wiki moja. Nahodha atamwona akija gatini na jaketi zitatolewa. Suluhisho lipo mlangoni: Malindi ikague Lamu, na Lamu ikague Malindi. Mgeni kushuka Mokowe na begi lake si jambo la kumshtua mtu, na mtu wa Lamu anayepanda matatu Malindi hatazamwi mara mbili.

Kila mshiriki apandwe angalau mara tano, na safari hizo zisifanane: asubuhi ya watu wengi, jioni, siku ya bamvua (bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida) maji yakiwa yamekupwa, siku moja ya kusi mwezi wa Juni au Julai, na siku ya msongamano kama kuelekea Idi au Maulidi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofichua. Chombo chochote huonekana salama kikiwa na abiria sita. Washiriki 20 kwa safari tano ni nauli 100, bila chakula wala malazi ya wakaguzi, kwa hiyo karatasi na kura zitangulie kupunguza majina.

Kadi ya matatu ni fupi zaidi: abiria 14 na si zaidi, mkanda wa kila kiti unafunga kweli, mlango umefungwa kabla ya gari kuondoka, dereva hashiki simu, abiria anashushwa stejini na si ukingoni mwa lami, nauli iliyotajwa ndiyo iliyolipwa. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na njia hupita Gede, Kilifi na Mtwapa, kwa hiyo mkaguzi apande mpaka mwisho. Madereva wengi huwa wapole mjini na kubadilika barabara inapofunguka.

Daftari

Daftari huona miezi, pale mkaguzi anapoona saa moja. Safu saba zinatosha: tarehe, idadi ya safari, idadi ya abiria, kilichoharibika, kilichotengenezwa, ajali au nusura ajali, malalamiko na yalivyomalizwa.

Jambo la kwanza la kuangalia ni mgawanyo. Boti yenye matukio mawili katika safari 2,000 ina tukio moja kwa kila safari 1,000. Yenye tukio moja katika safari 200 ina matano kwa kila 1,000. Ukihesabu matukio peke yake utampa tuzo yule ambaye chombo chake kilikuwa kimefungwa gatini miezi minane.

La pili ni muda. Miezi mitatu bila ajali inaweza kuwa bahati tu. Tuzo ya usalama iwe ya mwaka mmoja, kisha ya mitatu, kisha ya mitano, kila moja na alama yake ya kubandikwa kwenye chombo, ili dereva mwenye miaka minne safi awe na kitu cha kupoteza.

La tatu ndilo linaloumiza zaidi: tuzo ya "kutopata ajali" hufundisha watu kuficha ajali. Kioo kilichovunjika kitabadilishwa usiku, abiria aliyeteguka mguu atapewa kitu kidogo anyamaze, na daftari litang'aa. Kanuni iandikwe kinyume: aliyeripoti mwenyewe tukio dogo ndani ya saa 24 hapunguziwi alama, aliyeficha anaondolewa hata kama tukio lilikuwa la mkwaruzo. Daftari lisilo na nusura ajali hata moja mwaka mzima litiliwe shaka, lisipigiwe makofi.

Kuhusu kuwahi, saa haifai kila mahali. London, tangu 2001, kampuni za mabasi zilianza kupewa mikataba yenye nyongeza ya hadi asilimia 15 na makato ya hadi asilimia 10. Kwenye njia zenye mabasi mengi kipimo kilikuwa dakika ambazo abiria alingoja zaidi ya alizostahili kungoja, wala si basi kufika saa fulani. Hilo linafaa Malindi, ambako matatu huondoka ikijaa na hakuna ratiba ya kuvunja. Mtu mmoja akae stejini saa moja, siku tatu za juma, aandike abiria wa kwanza alipanda saa ngapi na gari liliondoka saa ngapi. Hapo utawaona pia wanaojaza viti kwa watu wa kukodi ili gari lionekane linaondoka.

Kwa boti za kisiwa cha Pate, hata hilo halitoshi. Mkondo wa Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa, na kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Nahodha aliyeondoka saa nne leo na karibu saa tano kesho hakuchelewa, amefuata maji. Kipimo cha haki kwake ni kama alitangaza saa ya kuondoka jana yake na akaitimiza.

Wenzao

Manahodha wanajua nani anasafisha mashine kwa maji matamu, nani huzima mashine na kumvuta mwenzake aliyekwama, nani husema hapana bahari ikichafuka. Hakuna kadi ya abiria itakayoonyesha safari ambayo haikufanyika kwa sababu nahodha alikataa kutoka. Kwa hiyo njia hii ihifadhiwe kwa tuzo moja tu, ya uokoaji na uamuzi mwema, isiwe ya mshindi wa jumla. Ndugu, mtaa na chama huvuta kura. Kila mpiga kura ataje watu wawili, angalau mmoja nje ya chama chake, na aandike tukio lenye siku na mahali. Jina lisilo na tukio liwekwe kando.

Mmoja bora, au wote waliofikia

Swali hili lina uzito kuliko lile la njia, na watu hulipita haraka. Ukitunza boti moja bora kati ya arobaini, zile thelathini na tano zinazojua haziwezi kushinda hazibadiliki hata kidogo. Ukitunza kila iliyofikia kipimo, hata ya arobaini ina sababu ya kununua jaketi mbili zilizopungua. Kwa usalama chagueni wote waliofikia. Kwa huduma, usafi na uzuri wa chombo, chagueni mshindi mmoja, maana hapo mashindano hayamdhuru mtu. Nganya za Nairobi, yaani matatu zilizopambwa, zimethibitisha ni kiasi gani cha fedha na ubunifu watu humwaga kwa ajili ya sifa.

Hata tuzo kubwa za nje hazishindanishi kila mtu na kila mtu. Chama cha usafiri wa umma cha Marekani, APTA, hugawa mashirika kwa ukubwa wa idadi ya safari za abiria kwa mwaka ndipo kinatafuta lililo bora katika kila kundi. Tuzo ya Usafiri Endelevu inayosimamiwa na ITDP, taasisi ya kimataifa ya sera za usafiri, hupewa mji mzima. Dar es Salaam iliipata ya 2018 kwa mabasi yake ya mwendokasi yaliyoanza kazi 2016, mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Chama cha boti hakina cha kuomba huko, lakini mgawanyo wa makundi ni wa kuigwa: boti za uwanja wa ndege wa Manda, zenye abiria wa mizigo na muda wa ndege, zisipimwe pamoja na za Mokowe, wala za Pate pamoja na za Shela.

Mfano wa karibu kuliko huo ni wa matatu za Kenya. Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika vibandiko ndani ya matatu vinavyowahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha ovyo. Katika jaribio lao kubwa, lililochapishwa 2015 na kuhusisha magari takriban 12,000, madai ya bima yalipungua kwa robo hadi thuluthi. Ili vibandiko visibanduliwe kulikuwa na bahati nasibu: gari lililokutwa navyo vyote liliweza kushinda fedha. Tazameni zawadi ilikuwa ya nini. Dereva hakuulizwa kama anaendesha vizuri. Alitunzwa kwa kitu ambacho mkaguzi anakiona kwa kutupa jicho, na kazi ya kumkanya ikafanywa na abiria waliomo. Ni rahisi, haina majaji, na Sacco yoyote ya Malindi, yaani chama cha ushirika cha matatu, inaweza kuiga kesho: kila Ijumaa gari moja kwa kura ya bahati, likikutwa na vibandiko na mikanda yote 14 inayofunga, linalipwa pale pale mbele ya abiria.

Tungechagua hivi

Mokowe, Shela na Manda: ukaguzi wa siri kwa usalama, wote waliofikia wapate alama ya mwaka, kura ya kadi kwa mshindi mmoja wa huduma katika kila njia. Pate: daftari la saa iliyotangazwa, ukaguzi wa petroli na jaketi, na tuzo ya wenzao. Malindi hadi Mombasa: daftari la mwaka, mitatu na mitano, pamoja na bahati nasibu ya kila wiki. Kura ya abiria huko iwe na uzito mdogo, usiozidi robo ya alama, kwa sababu ya wale wanaopenda kuwahishwa. Tuktuk: kura peke yake inatosha, mradi abiria watatu wasizidishwe na hesabu ya kadi 10 itumike. Bodaboda ni kofia mbili, ya dereva na ya abiria, ndiyo au hapana, mengine baadaye.

Zawadi ya fedha taslimu ina shida moja ya wazi: dereva wa matatu si mwenye gari. Anayempelekea mwenye gari hesabu kila jioni akishinda na mwenye gari akachukua kikombe na hundi, mwaka ujao hakuna dereva atakayejisumbua. Andikeni mapema nani anapata nini. Fedha ziende kwa dereva na kondakta, au nahodha na mabaharia, kwa majina yao. Chombo kipate vifaa, yaani jaketi za watoto, mtungi wa moto, matairi. Mwenye chombo apate cheti cha kutundika ofisini.

Na alama inayobandikwa kwenye chombo iwe na mwaka ulioandikwa kwa tarakimu kubwa, zinazosomeka kutoka gatini au kutoka upande wa pili wa barabara. Kamati iwe na haki ya kuibandua mchana kweupe siku chombo kitakapokutwa kimejaza kupita kiasi, bila kungoja sherehe ijayo, na kanuni hiyo isainiwe na mwenye chombo siku anapopokea alama. Atakayekataa kusaini asipewe.